Nauli ya mtoto haimo katika bajeti

Ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi waandishi wa habari huliandika kwa mistari mitatu tu, tena pale mtoto anapofikishwa mahakamani au anapopata kipigo cha wananchi wenye hasira. Nalo ni suala la fedha ya serikali kwa ajili ya mtoto aliyeingia katika mikono ya sheria. Najua wengi mtasema, fedha za hospitali hazitoshi, fedha za madawati hazitoshi, huyu mwizi wa mbuzi tumtengee fungu la nini? Nakuomba uvute subira, unisikilize mpaka mwisho.

Miezi michache iliyopita nilikuwa Turwa, kata iliyomo katika mji wa Tarime, mkoani Mara. Ni mji nilikokulia, na nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Jirani mmoja akanipeleka kwa mzee ambaye, kwa maneno yake, alikuwa na habari ya redio. Baada ya shikamoo na kikombe cha uji, mzee akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na kadi moja tu ya ubatizo, iliyopauka kando.

Kadi hiyo ni ya kitinda mimba wake. Kijana huyo alikamatwa pamoja na wenzake wakubwa wawili kwa tuhuma za mbuzi wawili waliopotea. Kituoni aliulizwa umri wake. Sasa msomaji lazima afahamu kwamba kijana huyo alikuwa ametahiriwa Desemba iliyotangulia, na kwa Wakurya kijana aliyetoka jandoni si mtoto tena. Ni mura. Anakaa na wanaume, anasalimiwa kama mwanaume, na kumwita mtoto mbele za watu ni kumtukana. Basi alipoulizwa na askari, tena mbele ya wale wenzake wawili, alinyanyua kidevu akajibu kwamba yeye ni mtu mzima. Karatasi ikaandikwa miaka 18. Ukweli ni kwamba alikuwa na miaka 15.

Kwa fahari ya dakika moja, kijana alikaa mahabusu pamoja na watu wazima kwa muda wa wiki saba. Baba alizunguka kutafuta cheti cha kuzaliwa ambacho hakikuwahi kuandikwa, akatafuta kadi ya kliniki iliyokwisha liwa na mchwa, mwisho akaipata ile kadi ya ubatizo kanisani. Hakimu alipoletewa kadi, alisimamisha kesi, akachunguza umri kama sheria inavyomtaka, na kijana akapewa dhamana. Hapo hakimu anastahili sifa yake.

Lakini mimi niliuliza swali la ziada kwa mtumishi mmoja ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake. Nilimwuliza, hata kama umri ungejulikana siku ya kwanza, je, mtoto angepelekwa mahabusi ya watoto? Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni wa mjini. Akasema, "Ndugu yangu, nauli itatoka wapi?"

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Historia ya haki ya mtoto mkosaji katika nchi hii ni historia ya sheria nzuri zilizotungwa bila nauli.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya Mzungu kujenga boma, Wakurya walikuwa na namna yao ya kumaliza mashauri. Ukoo ulikutana katika baraza wanaloliita iritongo, wazee wakasikiliza pande zote mbili, na kosa la kijana likawa deni la baba yake na la ukoo wake. Aghalabu deni lenyewe lililipwa kwa ng'ombe. Tusiupambe utaratibu huo kupita kiasi, kwa maana baba fukara aliumia kuliko tajiri, wanawake hawakuwa na sauti barazani, na ukoo uliokataa hukumu uliweza kurudi na mishale. Hata hivyo lilikuwamo jambo moja la maana. Gharama ya kumrekebisha kijana ilijulikana, na mlipaji wake alijulikana.

Serikali ya kikoloni ilipoingia ilileta gereza na hakimu, na katika mwaka 1937 ikaleta Sheria ya Watoto na Vijana ya Tanganyika. Wakati huo dunia ilikuwa imekwisha kuanza kuwatenga watoto na watu wazima katika mahakama. Mahakama ya kwanza ya watoto inayojulikana sana ilifunguliwa Chicago, Marekani, mwaka 1899, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 1908. Kwa hiyo Tanganyika ilipokea mawazo ambayo yalikuwa mapya kwa zama zile.

Sheria hiyo ya 1937 ukiisoma leo utashangaa. Ilisema mtoto ni yule wa chini ya miaka 12, na kijana ni wa kuanzia miaka 12 hadi kabla ya 16. Ilitaka kesi zao zisikilizwe katika jengo au chumba tofauti, au siku na saa tofauti na kesi za wakubwa. Ilitaka wasichanganywe na watu wazima wanaposhikiliwa, na iliruhusu kuwapo kwa mahabusi za watoto na shule za kuwaadilisha. Yote hayo yaliandikwa miaka 24 kabla ya Uhuru.

Je, fedha ilikuwa wapi? Jimbo la Ziwa, ambalo Tarime ilikuwa ndani yake, lilitawaliwa kutoka Mwanza. Mkuu wa wilaya alikuwa na ofisi, askari wachache na gereza. Hakuwa na nyumba ya watoto wala mtaalamu wa kuwalea. Alichokuwa nacho ni kiboko. Kiboko hakihitaji jengo, hakili ugali na hakidai mshahara. Ndiyo maana katika makoloni ya Afrika Mashariki, mtoto aliyeiba alichapwa na kurudishwa nyumbani mara nyingi kuliko alivyopelekwa shule. Tusidhani kuwa kila aliyeagiza viboko alikuwa katili. Wengine walikuwa wanatumia kile ambacho bajeti iliwapa.

Wenzetu wa Kenya, ambao ukisimama Sirari unawaona ng'ambo, walianza mapema zaidi. Sheria yao ya shule za kurekebisha tabia ni ya mwaka 1909, na shule ya Kabete ilifuata upesi. Lakini nao waliijaza kwa vijana waliokamatwa kwa makosa ya kipande na uzururaji, makosa ambayo serikali yenyewe ndiyo iliyoyatengeneza. Kumbe hata pale fedha inapopatikana, lazima tuulize inamkamata nani.

Uhuru ulipokuja, Serikali yetu ilirithi sheria ile ile ya 1937 na ikaendelea nayo. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, ambayo kwa makosa kadhaa, ukiwamo wizi wa mifugo, iliweka kifungo pamoja na viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Sisi wa Tarime tuliielewa vizuri sheria hiyo. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa kipimo cha ushujaa wa kijana, ulikuwa umegeuka biashara tangu siku za ukoloni, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zikaongezeka. Wakubwa wenye fedha walibaki majumbani na wadogo wakatumwa kuswaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaibuka jeshi la jadi la sungusungu huko Unyamwezini na Usukumani, nalo likaenea hata kwetu. Sungusungu haina mahakama ya watoto.

Haitakuwa haki nikisema kwamba Serikali haikujenga kitu. Ilijenga mahabusi za watoto, na kwa miaka mingi zilikuwa tano: Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Ilianzisha shule ya maadilisho ya Irambo, mkoani Mbeya, ambayo ndiyo pekee ya namna yake Tanzania Bara. Sasa chukua ramani, ndugu msomaji, uweke kidole Tarime. Katika orodha hiyo ya tano hakuna hata moja iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mtoto wa Turwa akipelekwa Arusha ni safari ya siku nzima, akipelekwa Irambo ni kuvuka nchi karibu yote. Anahitaji askari wa kumsindikiza au afisa ustawi wa jamii, nauli ya kwenda ya watu wawili au watatu, nauli ya kurudi, posho ya kulala njiani, na yote hayo yarudiwe kesi inapotajwa tena. Ukizijumlisha gharama hizo utaona kwa nini mtumishi yule alinitazama vile.

Na huyo afisa ustawi wa jamii mwenyewe, idara yake imehama nyumba mara nyingi kuliko mpangaji wa Manzese. Iliwahi kuwa chini ya wizara ya kazi, ikaja kuwa chini ya afya, mwishoni mwa 2015 ikaunganishwa katika wizara moja kubwa iliyobeba afya, jinsia, wazee na watoto, na Januari 2022 ikatengwa tena na afya kuingia Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Maafisa wenyewe walioko wilayani wako chini ya halmashauri. Kila anayehama nyumba anajua kwamba hakosi kupoteza sufuria moja njiani.

Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Mwaka 1994 Tume ya Kurekebisha Sheria ilitoa taarifa yake juu ya sheria zinazohusu watoto, ikaonyesha kasoro zilizokuwapo. Sheria yenyewe ya Mtoto ilipatikana mwaka 2009. Hesabu mwenyewe: ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa siku taarifa ile ilipotolewa alikuwa na umri sawasawa na kijana wetu wa Turwa sheria ilipopita.

Lakini sheria ya 2009 ni nzuri, na lazima tuisifu. Inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Inakataza kabisa mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Inataka afisa ustawi wa jamii awepo katika mahakama ya watoto, kesi isikilizwe faragha, na umri uchunguzwe pale unapotiliwa shaka. Halmashauri imepewa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wote walioko katika eneo lake. Kila moja ya amri hizo ina bei. Afisa kuwapo mahakamani ni mshahara na pikipiki. Umri kuchunguzwa ni daktari na rejista ya vizazi. Chumba cha faragha ni ujenzi.

Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua magereza, vituo vya polisi na mahabusi, ikakuta watoto wakishikiliwa pamoja na watu wazima. Ni miaka miwili baada ya sheria mpya, na miaka 74 baada ya ile ya zamani iliyokataza jambo hilo hilo.

Hapo ndipo ilipoanza zama ya programu. Wizara ya Katiba na Sheria, kwa msaada wa UNICEF na wafadhili wengine, iliongoza mkakati wa miaka mitano wa kurekebisha haki ya mtoto, kuanzia 2013 hadi 2017. Huko Temeke na Mbeya ulijaribiwa mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa majumbani mwao, wakilelewa na kushauriwa bila kuondolewa kwa wazazi wao. Kisha ukaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, unaojulikana kama MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 65 za Marekani kwa ajili ya kuboresha Mahakama, na leo tunaona vituo jumuishi vya utoaji haki vilivyojengwa katika miji kadhaa. Mwaka 2017 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, ili maskini naye apate mtu wa kumsemea.

Mimi si mmoja wa wale wanaobeza kila programu. Kazi ya Temeke na Mbeya ilionyesha kwamba inawezekana kumrekebisha mtoto karibu na mama yake. Lakini mradi wa majaribio una tabia yake. Huanzia mahali penye barabara ya lami, huja na magari na semina, na muda wake ukimalizika hubaki ripoti yenye picha. Swali la kuuliza ni hili: baada ya mfadhili kuondoka, ni kasma gani ya halmashauri iliyobeba mzigo huo?

Nitoe mfano wa nchi nyingine, maana una somo. Mwaka 1974 Marekani ilitunga sheria ya kuipa fedha kila jimbo linalotaka kuboresha haki ya watoto wakosaji. Serikali kuu haikutoa fedha hizo kwa kusomewa mkakati. Iliweka masharti, kwamba jimbo lisiwafungie watoto kwa utoro wa shule au kutoroka nyumbani, na kwamba mtoto asiwekwe mahali anapoonana au kusemezana na mahabusu wakubwa. Mwaka 1980 likaongezwa sharti la kuwaondoa kabisa katika jela za watu wazima. Jimbo lililoshindwa lilihatarisha fungu lake. Nchi hiyo si malaika, na miaka ya 1990 majimbo yake mengi yalilegeza uzi na kuwashtaki watoto kama watu wazima. Lakini somo limebaki: fedha ilifungwa kwenye kitu kinachoweza kuhesabiwa kwa kidole, yaani ni watoto wangapi wamelala leo pamoja na wakubwa.

Sasa turudi Turwa. Haiwezekani kusema kwamba wilaya ya Tarime haina fedha. Nyamongo kuna dhahabu, na mgodi hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri ya wilaya na kuchangia miradi ya jamii. Madarasa na zahanati vinajengwa, nasi tunashukuru. Kila halmashauri nchini inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Lakini mtoto wa miaka 15 hawezi kuunda kikundi cha mkopo. Kwa mkopo ni mdogo mno, na kwa mahabusu ameonekana mkubwa wa kutosha.

Basi ninachopendekeza hakihitaji dola milioni 65. Kwanza, kila halmashauri iwe na kasma ndogo yenye jina lake, ya nauli na chakula cha mtoto anayeshikiliwa, itakayosomwa mbele ya madiwani kama inavyosomwa ya barabara. Pili, afisa ustawi wa jamii awe na zamu ya simu, ili kituo kikimkamata kijana asiye na ndevu kimwite usiku huo huo, bila kungoja kijana mwenyewe ataje umri wake mbele ya wenzake. Tatu, usajili wa vizazi ufike vitongojini, kwa maana cheti cha kuzaliwa ndicho wakili wa kwanza wa mtoto. Nne, Kanda ya Ziwa ipate mahabusi ya watoto iliyo karibu. Na tano, wazee wa mila waketishwe, waambiwe kwa heshima kwamba mura ataendelea kuwa mura nyumbani na barazani, lakini mbele ya hakimu akubali kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Wazee wetu ni watu wa sheria, wataelewa. Desturi yao wenyewe ilijua kwamba kosa la kijana lina mlipaji.

Nilipokuwa nikiaga, nilimsimulia mzee habari za sheria ile ya 1937. Alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha kadi ya ubatizo katika bahasha yake na kuikunja mara nne kama ilivyokuwa. Kisha akaniambia, "Mwaka huo unaousema mimi nilikuwa sijazaliwa. Mbona hiyo sheria yako haijafika Turwa bado?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi tu kwamba nitaliuliza swali lake redioni, na sasa nimeliuliza na gazetini. Madiwani na waheshimiwa wabunge mtakaokaa kupitisha makadirio ya mwaka ujao, mzee wa Turwa anawasubiri.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.